Samaki wa Kumshibisha Rotua

Sato walipokufa katika vizimba vya Jabinsar Malau, wa kwanza kulaumiwa alikuwa Mungu. Wa pili alikuwa upepo. Wa tatu ilikuwa serikali, ambayo kwa maoni ya Jabinsar ingefaa kuuzuia huo upepo. Lawama zake ziliishia hapo, na mwenyewe hakujitaja.

Walikufa Alhamisi asubuhi. Mvua ya baridi ilikuwa imenyesha usiku kucha, upepo ukashuka mlimani, na maji ya chini yakapanda juu yakinuka mayai viza. Kila mtu katika ghuba yetu ya Ziwa Toba anajua kilicholala kule chini. Ni chakula cha samaki kilichomwagwa kwa magunia miaka yote hii, nusu kikaliwa, nusu kikazama, na juu yake mavi ya samaki wasiohesabika. Uchafu huo hulala, na siku moja moja huamka. Ukiamka, samaki waliobanwa nyavuni hukosa hewa na kufa wote pamoja midomo wazi. Mwenye akili hupunguza samaki mvua zikianza. Jabinsar aliongeza, kwa kuwa Krismasi ilikuwa inakaribia na bei ilikuwa inapanda. Kizimba cha samaki elfu tano alikitia elfu tisa, akasema samaki hawalipi kodi ya nyumba, acha wabanane.

Basi asubuhi hiyo alisimama kwenye ubao wa vizimba, msuli wa kulalia kiunoni, akitazama mali yake ikielea matumbo juu. Togu, kibarua wake, mtu wa makamo aliyekwishakula chumvi ya kutosha, alikuwa ameshika wavu wa mkono akingoja amri.

"Bosi, tukianza sasa tutawaopoa wote kabla ya kesho," Togu akasema. "Tuwapandishe kule shambani tuwazike."

"Tuwazike? Kwani wamebatizwa?"

"Mwenyekiti wa kijiji ndivyo alivyosema mwaka jana. Katapila la kuchimba shimo ni rupia milioni mbili tu kwa siku."

"Milioni mbili *tu*! Haya, toa wewe." Jabinsar akatema mate majini. "Fungua nyavu. Waende."

"Waende wapi, Bosi?"

"Ziwa ni kubwa, Togu."

Hilo ndilo lilikuwa neno lake. Mke wake alipolalamika kwamba akioga ziwani anawashwa mwili mzima, alimwambia ziwa ni kubwa, aoge mbali kidogo. Vijana wa kijiji walipomwomba apunguze vizimba, kumi na vinane ni vingi mno, aliwajibu vivyo hivyo. Lakini maji ya kunywa nyumbani kwake yalitoka dukani, kwenye madumu ya buluu yenye kizibo. Hata kanisani, ambako alikuwa mzee wa kanisa na alikaa kiti cha mbele, alikwenda na chupa yake mfukoni mwa koti. Akiulizwa alisema tumbo lake ni jepesi.

Mama Rotua, mkewe, alikuwa amesimama ufukoni na ndoo mkononi, amesikia yote.

"Baba Rotua, upepo ukigeuka?"

"Haugeuki."

"Ukigeuka, watakwenda kutupwa ng'ambo. Na ng'ambo ndiko aliko mwanao."

"Mama Rotua, tangu lini umekuwa mtabiri wa hali ya hewa? Watakwenda katikati, watazama, watakwisha. Kapike."

Togu akafungua nyavu. Alifanya kazi kwa hasira, kwa hiyo alikata na kamba ambazo hazikutakiwa kukatwa, na pipa moja kuukuu la kushikilia kizimba kielee likaponyoka likafuata samaki. Mapipa ya Jabinsar yalijulikana ghuba nzima. Yote aliyaandika BARAKA ZA BWANA kwa herufi nyeupe, akitumia rangi iliyobaki kanisa lilipopakwa. Ilibaki nyingi kuliko iliyopakwa.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya kumshibisha Rotua.

Huyu Rotua ndiye mtoto wao wa pekee, ameolewa ng'ambo kwa akina Naibaho, na mimba yake ilikuwa ya miezi saba. Kwetu, binti akifika miezi hiyo na mtoto wake wa kwanza, wazazi wake humpelekea samaki aina ya mas, mwenye magamba yake, mzima toka kichwa hadi mkia, amepikwa kwa manjano mpaka mchuzi umemkaukia. Mama humlisha binti kwa mkono wake, na binti hula mpaka atamke mwenyewe kwamba ameshiba. Kisha baba husema, "Samaki huyu nimekutolea mimi baba yako," na hapo ndipo mtoto aliye tumboni huhesabiwa kuwa amebarikiwa. Bila hayo, wazee wanasema, mtoto huja duniani kama mgeni asiyealikwa.

Mwaka uliotangulia mimba ya Rotua ilikuwa imetoka mwezi wa tatu. Sisemi ni maji. Mimi si daktari, na daktari mwenyewe hakusema kitu. Nasema tu kwamba safari hii Rotua aliingoja siku hiyo kwa hamu na kwa hofu, na mama yake vilevile. Jabinsar aliingoja kwa sababu atavaa koti.

Kimoja kati ya vile vizimba kumi na vinane kilikuwa cha mas. Nao walikuwa wamekufa. Alhamisi hiyohiyo, kabla Togu hajakifikia kizimba hicho, Jabinsar aliinama akamwopoa mkubwa kuliko wote, akamleta jikoni akimning'iniza kwa matamvua.

"Huyu wa Rotua. Mtie barafu."

Mama Rotua akamtazama samaki. Jicho lilikuwa limeshaingia ukungu.

"Huyu amekufa, Baba Rotua."

"Ulitaka umpike akiwa hai?"

"Samaki wa kushibisha hutolewa majini akipumua. Mama yangu ndivyo alivyonifanyia. Mama yako ndivyo alivyowafanyia dada zako."

"Mama yangu hakupata hasara ya vizimba kumi na vinane kwa siku moja! Ukishamtia manjano na pilipili, nani atamuuliza alikufa saa ngapi?" Akamweka juu ya meza. "Na mas wa ukubwa huu sokoni wanauza kama wanauza dhahabu. Sinunui samaki mimi. Mimi Malau ninunue samaki, watu wanionaje?"

Mama Rotua hakumjibu. Alikuwa mwanamke wa kutojibu, na kwa miaka thelathini watu waliona huo ni upole.

•

Ijumaa Mama Rotua aliaga kwamba anapanda mlimani kutafuta ile pilipili yetu inayotia ulimi ganzi, maana hukohuko kwa kaka yake ndiko inakoota. Kaka yake analima mpunga, na pembeni ya majaruba yake ana kibwawa kinacholishwa na chemchemi. Alimkuta anapalilia, akaketi tutani, akamweleza shida yake kwa maneno machache.

Kaka mtu akacheka mpaka akaegemea jembe.

"Malau! Mwenye vizimba vinavyoziba njia ya boti! Leo anaomba samaki kwangu?"

"Haombi yeye. Naomba mimi."

"Hajui?"

"Hajui, na wewe usimwambie, Kaka."

Kaka yake aliacha kucheka. Akaingia kibwawani mpaka magotini, akawa anapapasa chini ya majani. "Dada, samaki nitakupa, hata watatu. Lakini siku ile baba mtu atasimama aseme samaki huyu nimetoa mimi. Itakuwa baraka ya namna gani hiyo?"

"Mtoto atakuwa amekula. Mengine nitanyamaza nayo mwenyewe."

"Unanyamaza sana wewe."

Akampa mas mmoja mnene, wa magamba ya rangi ya shaba, mwenye nguvu za kumlowesha Mama Rotua kuanzia kifuani hadi miguuni kabla hajafunikwa ndooni kwa majani ya mgomba. Mama Rotua aliteremka naye mlima ndoo ikimpigapiga gotini, akampika Jumamosi alfajiri. Yule wa kwenye barafu alimtupia nguruwe. Nguruwe alimnusa, akamtazama mama mwenye nyumba kwa masikitiko, akarudi kulala.

•

Upepo ulikuwa umegeuka tangu Ijumaa.

Boti ya Jabinsar ilikata ghuba vizuri hadi katikati. Baada ya hapo maji yakaanza kuwa meupe. Mwanzoni samaki walikuwa wawili watatu, kisha wakawa mafungu, na karibu na ng'ambo ikawa kama mtu ametandika mkeka wa matumbo ya samaki toka gati hadi kwenye mwamba. Togu, aliyeshika usukani, akapunguza moto. Samaki wakawa wanagonga ubao wa boti, pu, pu, pu, taratibu. Uvundo ulikuwa mzito kiasi kwamba mtu alijisikia anautafuna.

Jabinsar alikuwa amevaa koti jeusi, na begani amelaza kitambaa cha ulos cha kumfunika binti yake kwa baraka. Akatoa leso akaziba pua.

"Hawa wa kampuni," akasema. "Ile kampuni kubwa ya kule kaskazini. Haina adabu."

Togu alikohoa. Mama Rotua alikumbatia sufuria ya samaki wake, macho yake kwenye ufuko. Wanaume wa kijiji kile walikuwa wameinama na majembe na matoroli, vitambaa usoni, wakizoa. Walipoiona boti waliacha kazi, wakanawa, wakasimama mstari mmoja mikono imekunjwa mbele, kuwalaki.

Hapo lazima mjue jambo moja la kwetu. Ukoo uliotoa mke ni mkubwa kwa ukoo uliooa. Watoa-mke tunawaita wafalme, tunasema ni mungu wa kuonekana kwa macho. Hawakemewi, hawabishiwi, hawachekwi. Jabinsar alilijua hilo vizuri, na ndilo lililomfanya ashuke kifua mbele. Alihesabu kwamba hata mlima wa samaki waliooza hauwezi kumfungua mdomo muoaji mbele ya mtoa-mke.

Mlangoni palikuwa na beseni la kunawia wageni, na beseni limewekwa juu ya pipa. Pipa lilikuwa limesuguliwa likang'aa, na herufi zake nyeupe zilitazama njia. BARAKA ZA BWANA.

"Karibuni, wafalme wetu," akasema Mama Marudut, mama mkwe wa Rotua, mjane mwembamba mwenye sauti ya chini. "Nawa, Baba Rotua. Hilo lilifika jana. Tukasema kitu cha watoa-mke wetu hakitupwi, tukipe nafasi ya heshima."

Jabinsar akanawa. Angefanya nini?

Ndani, watu waliketi mikekani, wageni upande wa juu. Kwa desturi mwanamume ndiye hutoa neno la kupokea, kwa hiyo shemeji wa Mama Marudut akasimama. Alisema, "Wafalme wetu," akavuta pumzi, uvundo ukamkaba, akakohoa mpaka machozi, akaketi. Mama Marudut akaomba radhi kwa kumalizia.

"Wafalme wetu," akasema, macho yake chini, "desturi inasema mtoa-mke amletee binti yake samaki mmoja. Mwenye uwezo huleta watatu. Mwenye mkono mkunjufu kabisa, saba. Sisi tangu jana tunapokea. Tumepokea kwa ndoo, tumepokea kwa toroli, vijana wetu wamepokea mpaka wametapika. Tangu ukoo wa Naibaho uwepo, haujapata watoa-mke wakarimu namna hii. Hatuna cha kulipa. Tunashukuru tu."

Hakuna aliyecheka, maana mtoa-mke hachekwi. Nyuma kabisa mtu alipiga chafya ambayo haikuwa chafya.

"Mama Marudut," Jabinsar akasema, "hao samaki ni wa ile kampuni."

"Aa! Basi tusamehe, tumeshukuru pasipostahili. Tuliona pipa limeandikwa jina la Bwana, tukadhani ni lenu. Kumbe kampuni nayo imeokoka."

Shingo ya Jabinsar ikawa nyekundu juu ya kola. Akapapasa mfuko wa koti kutafuta chupa yake, na wakati huohuo Rotua akatokea jikoni. Alitembea akiutanguliza ule uzito wake, mikononi ana sinia lenye bilauri moja. Akapiga magoti kwa shida mbele ya baba yake.

"Karibu maji, Baba."

Maji yalikuwa na rangi. Haikuwa nyingi, ilikuwa kama ya chai ya majani iliyochujwa mara ya tatu, na ilikuwa ya kijani.

"Asante, mwanangu. Mimi nina yangu, tumbo langu unalijua..."

"Haya ni ya kwetu. Nimeyachota mwenyewe gatini asubuhi, Baba. Tumesogeza samaki kwa kasia kwanza. Nimeyachuja kwa kitambaa mara mbili na nimeyachemsha."

Likamtoka Jabinsar kabla hajalizuia: "Kwani unayanywa haya?"

Nyumba nzima ilisikia. Hata Togu mlangoni alisikia, akainamisha kichwa.

"Kila siku," Rotua akasema. Sauti yake haikuwa na hasira. Ilikuwa na mshangao tu, kama mtu aliyeulizwa kama huwa anavuta pumzi. "Huku hatuna duka la maji, Baba."

Jabinsar akapokea bilauri. Akaitazama, akaiweka mkekani karibu na goti lake.

"Yapoe kwanza," akasema.

Maji yalikuwa ya baridi.

•

Mama Rotua akafunua sufuria. Harufu ya manjano na pilipili ya mlimani ikapanda, na kwa mara ya kwanza siku hiyo watu wakavuta pumzi kwa hiari. Samaki alikuwa mzima, mkia umenyooka, magamba yanang'aa. Rotua na mumewe Marudut wakaketi bega kwa bega mbele yake. Jabinsar, kwa kuwa maombi hayahitaji kunywa kitu, aliomba kwa kirefu. Alimshukuru Mungu kwa uumbaji wake, kwa milima na kwa maziwa.

Baada ya amina, Mama Rotua alimega pande la ubavuni, akatoa mwiba, akalipeleka mdomoni kwa binti yake. Rotua hakufungua mdomo.

"Mama," akasema polepole, "huyu ametoka wapi?"

Jabinsar akamtangulia mkewe kujibu, maana alijiona ameokolewa na swali.

"Kizimbani kwetu, mwanangu! Nimemchagua kwa mkono wangu. Mkubwa kuliko wote."

Rotua akamtazama samaki, kisha dirishani, kule ambako ufuko ulikuwa mweupe. Mkono wake ukaenda tumboni.

"Nimeshiba, Mama," akasema.

Mikeka ikatikisika kwa watu kugeuka. Kushiba kabla ya kula ni kukataa, na hakuna binti aliyewahi kumkataa samaki wa wazazi wake. Mama Marudut, ambaye tangu wageni wafike alikuwa akimchoma Jabinsar kwa sindano za heshima, aliacha. Alitaka Jabinsar aaibike, ndiyo; hakutaka mjukuu wake azaliwe bila kubarikiwa. Akajisogeza kwa magoti hadi kwa Rotua.

"Binti yangu, onja. Kidogo tu. Kwa ajili ya mtoto."

"Kwa ajili ya mtoto ndiyo sili," Rotua akasema, na machozi yakaanza kumtiririka. "Mmoja ameshanitoka. Huyu simlishi kile kinachoelea pale nje. Nisameheni."

Mkono wa Mama Rotua ulikuwa bado hewani, na mchuzi wa manjano ulikuwa unamchuruzika kwenye kifundo. Upande wake wa kulia mumewe alimtazama. Lilikuwa jicho lilelile alilomtazamia siku zote: la kumwambia atafute neno, apake mafuta, afunike. Na alikuwa hodari wa kufunika. Alifunika rangi ya kanisa. Alifunika upele wa mwili wake mwenyewe, akisema ni joto. Alijua kwamba akinyamaza sasa, Jabinsar atarudi nyumbani na koti lake na uso wake, na binti yake hatakula. Akisema, mume hatakuwa na pa kuweka uso ghuba nzima.

"Kula, mwanangu," akasema. Hakuinua sauti. "Huyu hakutoka kwa baba yako."

Jabinsar akamgeukia mkewe.

"Ametoka kibwawani kwa mjomba wako, kwenye chemchemi. Jana mchana alikuwa anarukaruka ndooni, nguo zangu zote kanilowesha. Yule wa baba yako alikufa Alhamisi na wenzake hao mliowazoa. Nimempa nguruwe." Akapumua. "Naye kamkataa. Kula, Rotua."

Rotua alimtazama mama yake kwa muda, kama anamwona kwa mara ya kwanza. Kisha akafungua mdomo. Alikula ubavu wa kwanza, akala wa pili, akala mashavu ya kichwa na nyama tamu ya shingoni, analia na anakula, na mama yake akimega na kutoa miiba, hata mifupa ya mgongo ikabaki myeupe sufuriani.

"Nimeshiba," akasema. Safari hii watu waliitikia wote pamoja, wanawake wakapiga vigelegele, na Marudut akaficha uso wake begani kwa mkewe.

Lililobaki lilikuwa lile neno la baba. Watu wakageuka upande wa juu, wakangoja kwa adabu. Jabinsar alishika kitambaa cha ulos magotini, akakikunja, akakikunjua. *Samaki huyu nimekutolea mimi.* Hakuna njia nyingine ya kulisema. Mwishowe Mama Rotua akakichukua kile kitambaa mikononi mwake, akawafunika mwanawe na mkwewe kwa pamoja, akasema, "Samaki huyu nimekutolea mimi mama yako," jambo ambalo halijawahi kusemwa katika ghuba yetu, na hakuna mzee aliyempinga.

Jioni Togu aliporudisha boti, Mama Rotua hakupanda. Alikuwa gatini na wenyeji, amefunga kitambaa usoni, anazoa kwa koleo. Lakini hayo yalikuwa baadaye. Pale ndani, vigelegele vilipotulia na nyama na wali vilipoanza kupitishwa, Mama Marudut alimwendea mgeni wake mkubwa, akapiga magoti, akaiinua bilauri kutoka mkekani kwa mikono miwili kama heshima inavyotaka.

"Baba Rotua," akasema, "maji yameshapoa."